Maji Maangavu na Maji Salama: Kuchagua Njia ya Kutakasa Bwawa Jipya la Nyumbani

Somo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili mjini Johannesburg

Bwawa la kuogelea uani ni jambo la kawaida katika mitaa mingi ya Johannesburg. Kwa kaya iliyotoka Kigoma, Bukavu au Mombasa, ambako watoto hujifunza kuogelea ziwani au baharini, bwawa la nyumbani ni kitu kipya chenye kanuni zake. Ziwa na bahari ni maji mengi yasiyotulia. Bwawa ni maji machache yanayokaa pale pale, yakipokea jasho, mate, vumbi, majani na, panapokuwa na watoto wadogo, hata mkojo na kinyesi. Yasipotakaswa, siku chache za joto hutosha kuyageuza kuwa makao ya vijidudu, mwani na mbu.

Mwenye bwawa jipya hukutana na wauzaji wa kila namna. Mmoja husifu mtambo wa chumvi kwa madai kwamba hauna klorini. Wa pili huuza taa ya mionzi. Wa tatu huuza vidonge vya kutia na kusahau. Somo hili linakusudia kuiwezesha kaya kuuliza maswali yafaayo kabla ya kutoa fedha. Neno lake kuu ni hili: njia bora ni ile ambayo kaya itamudu kuitunza kila siku, hata umeme ukikatika, hata wazazi wakiwa kazini, na hakuna njia yoyote inayomwondolea mwenye bwawa wajibu wa kupima maji.

1. Kung'aa si kuwa salama

Maji ya bwawa yanahitaji kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuchuja: pampu huyapitisha maji katika kichujio, kwa kawaida chenye mchanga, na taka zinazoonekana hubaki humo. Kazi ya pili ni kuua vijidudu ambavyo jicho halivioni. Kichujio kizuri huweza kuyafanya maji yang'ae kama kioo huku vijidudu vya kuhara vikiwa bado vimo.

Kazi hiyo ya pili ina sharti moja linalosahaulika mara nyingi. Mtoto akichafua maji upande mmoja, mwenzake aliye hatua mbili kando anaweza kuyameza papo hapo, ilhali maji yale yale huchukua saa nyingi kufika kwenye pampu. Kwa hiyo haitoshi kuyatakasa maji yanapopita ndani ya mtambo. Lazima bwawani mwenyewe, kila mahali na kila wakati, iwemo akiba ya dawa inayoua vijidudu pale vinapoingia. Kila chombo kinachouzwa kipimwe kwa swali hili: je, kinaacha akiba ndani ya maji?

2. Klorini na msaidizi wake

Wasomaji wengi wanaijua klorini tangu nyumbani. Ndiyo iliyomo katika WaterGuard inayotiwa ndoo ya maji ya kunywa, na ndiyo inayotiwa madumu ya wachotaji kando ya Ziwa Kivu wakati wa kipindupindu. Maji ya bomba ya Johannesburg, ambayo shirika la Rand Water huyapata kutoka Bwawa la Vaal, nayo hutibiwa kwa klorini kabla ya kufika nyumbani. Bwawani, klorini hutumika kwa sababu ile ile: inaua, na inabaki.

Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kinapendekeza klorini huru isiyopungua miligramu 1 kwa lita bwawani, na isiyopungua miligramu 2 iwapo maji yana asidi ya sayanuriki, ambayo itaelezwa hapa chini. Katika maji yenye miligramu 1 na pH ya 7.5, bakteria wa E. coli hufa kwa muda usiozidi dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, na kijidudu cha Giardia kama dakika 45. Kimoja, kiitwacho Cryptosporidium, huweza kustahimili zaidi ya siku 7. Kijidudu hiki huleta kuhara kwa maji mengi, na ndiyo sababu mtu anayeharisha hapaswi kuingia bwawani hata kama maji yametibiwa vizuri.

Klorini haifanyi kazi peke yake. Nguvu yake hutegemea pH, yaani kipimo cha kuonyesha kama maji yameelekea kwenye asidi au kwenye magadi. Maji yakiwa na pH ya 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iliyomo huwa katika hali kali ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 7.5 hubaki nusu, na ikifika 8.0 hubaki kama robo tu. Kaya inaweza kununua dawa kila wiki na bado ikaogelea katika maji hatari kwa kuwa haikuangalia pH. Kiwango kizuri ni kati ya 7.2 na 7.6.

Watu wengi huamini kwamba harufu kali na macho mekundu ni dalili ya klorini kuzidi. Kwa kawaida ni kinyume. Harufu hiyo hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na mkojo na jasho, ikapoteza nguvu zake. Dawa yake ni kuoga kabla ya kuingia bwawani, kuwapeleka watoto chooni mara kwa mara, na kurudisha klorini huru katika kiwango chake.

3. Njia zinazouzwa

Klorini ya kutia kwa mkono. Hii huja kama chembechembe za kalsiamu hipokloraiti au kama maji ya sodiamu hipokloraiti. Gharama ya kuanzia ni ndogo, haihitaji mtambo, na huweza kutiwa hata umeme ukiwa umekatika. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mtu wa kuikumbuka. Siku za joto inatakiwa karibu kila siku. Klorini ya maji hupoteza nguvu ikikaa muda mrefu mahali penye joto, hivyo isinunuliwe nyingi ya kuweka akiba.

Vidonge vya polepole. Vingi hutengenezwa kwa traikloro, klorini iliyounganishwa na asidi ya sayanuriki. Huwekwa katika chombo kinachoelea na kuyeyuka kwa siku kadhaa. Asidi hiyo huikinga klorini dhidi ya jua, na kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita hufaa. Lakini klorini hutumika ikaisha, na asidi hubaki. Kwa kila miligramu 10 za klorini itokayo katika vidonge hivi, maji hupata karibu miligramu 6 za asidi. Ikizidi sana, huizuia klorini kufanya kazi, na njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine. Vidonge vinafaa kwa safari ya wiki moja. Visitegemewe peke yake mwaka mzima.

Mtambo wa chumvi. Hapa ndipo penye madai yanayopotosha zaidi. Mtambo huu hupitisha umeme katika maji yenye chumvi na kutengeneza klorini kutokana na chumvi hiyo. Bwawa la chumvi, basi, ni bwawa la klorini lenye kiwanda chake kidogo. Chumvi yake ni gramu 3 hadi 6 kwa lita kulingana na mtambo, ilhali Bahari ya Hindi ina karibu gramu 35. Faida yake ni kwamba klorini huingia kidogo kidogo bila kusubiri kumbukumbu ya mtu, na kaya haihifadhi dawa kali nyingi. Gharama yake ya kuanzia ni kubwa, na sehemu inayotengeneza klorini huchakaa, kwa kawaida baada ya miaka 3 hadi 7. Mtambo huu pia hupandisha pH, hivyo asidi ya bwawa bado itahitajika.

Mionzi ya urujuanimno na ozoni. Vyote viwili huua vijidudu maji yanapopita ndani ya mtambo, na mionzi ina uwezo mkubwa hata dhidi ya Cryptosporidium. Hata hivyo, haviachi akiba ya kutosha bwawani. Ni wasaidizi wazuri wa klorini. Si mbadala wake.

Shaba na fedha. Vifaa hivi, ambavyo mara nyingi huuzwa kwa jina la madini, hutoa chembe za shaba na fedha ndani ya maji. Shaba huzuia mwani, lakini chembe hizi huua vijidudu polepole mno kulinda waogeleaji zikiwa peke yake, na shaba ikizidi hutia madoa kuta za bwawa na kubadili rangi ya nywele nyeupe. Muuzaji akisema kifaa hiki huondoa haja ya klorini, aombwe kuonyesha kwa maandishi ni kitu gani kinachobaki majini kuua vijidudu.

Bromini. Hufaa zaidi mabeseni ya maji ya moto na mabwawa yaliyofunikwa. Katika bwawa la wazi, jua huimaliza haraka, na asidi ya sayanuriki haiwezi kuikinga.

4. Johannesburg na hali zake

Jiji hili liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Katika maji yasiyo na kinga, jua la adhuhuri laweza kuondoa sehemu kubwa ya klorini kwa saa chache. Kwa hiyo bwawa la wazi lihitaji kiasi cha wastani cha asidi ya sayanuriki, na dawa ya kutia kwa mkono itiwe jioni.

Mvua kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Machi, mara nyingi alasiri, pamoja na radi na mvua ya mawe. Kila dhoruba huingiza majani, udongo na maji mapya. Baada yake maji yapimwe kabla ya watoto kuruhusiwa kuingia. Kati ya Juni na Agosti, usiku huwa na baridi kali. Mwani hukua polepole na dawa inayohitajika ni kidogo. Mitambo mingi ya chumvi hupunguza kazi au kusimama kabisa maji yanapopoa, hivyo mwenye mtambo awe na chembechembe kidogo za akiba.

Umeme ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Mgao wa umeme ulioanza miaka ya 2007 na 2008 umewafundisha wakazi kutoutegemea mtambo mmoja tu. Hata pasipo mgao, hitilafu za mtaa na wizi wa nyaya huweza kuacha nyumba gizani kwa siku kadhaa. Pampu ikisimama, mtambo wa chumvi, mionzi na ozoni vyote husimama. Klorini ya kutia kwa mkono, ikichanganywa kwa fagio la bwawa, hubaki kuwa kinga pekee.

Maji nayo ni ghali na huadimika. Vizuizi vya maji vinapotangazwa, kujaza bwawa kunaweza kukatazwa. Njia inayolazimisha kumwaga maji mara kwa mara ni njia ya gharama. Maji ya chumvi yanayotoka wakati wa kusafisha kichujio yasielekezwe kwenye bustani ya mchicha au sukuma wiki, kwani chumvi huua mimea.

5. Hesabu ya mfano

Kabla ya kununua chochote, kaya ijue ujazo wa bwawa lake. Chukua bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha mita 0.9 upande mmoja na mita 1.6 upande wa pili. Kina cha wastani ni mita 1.25. Zidisha 8 kwa 4 kwa 1.25, jibu ni mita za ujazo 40, yaani lita 40,000.

Kuongeza miligramu 1 ya klorini kwa kila lita ya bwawa hilo kunahitaji gramu 40 za klorini. Kwa chembechembe zenye nguvu ya asilimia 65, hizo ni kama gramu 60. Kwa klorini ya maji yenye gramu 100 katika lita, ni mililita 400. Kwa mtambo unaohitaji gramu 4 za chumvi kwa lita, mwanzo unahitaji kilo 160, yaani mifuko 7 ya kilo 25. Asidi ya sayanuriki ya kufikisha miligramu 40 kwa lita ni kilo 1.6.

Bwawa jipya lililopigwa plasta huachia magadi kwa wiki kadhaa, na pH yake hupanda kila mara. Katika mwezi wa kwanza pH ipimwe kila siku, na chumvi isitiwe mpaka plasta ikomae, kwa kawaida baada ya siku 28 hivi. Mjenzi aulizwe jambo hili mapema na jibu lake liandikwe.

6. Namna ya kuamua

Kaya yenye kipato cha wastani, yenye mtu mzima anayeshinda nyumbani na aliye tayari kupima maji kila siku, huhudumiwa vizuri na klorini ya kutia kwa mkono. Kaya ambayo wazazi wote hutoka alfajiri na kurudi usiku, na yenye fedha za kuanzia, huweza kunufaika na mtambo wa chumvi, mradi mmoja wao apime maji walau mara mbili kwa wiki, na kila siku wakati wa kuogelea. Kaya inayopokea wageni wengi siku za Idi, Krismasi au harusi, au yenye mtu ambaye mwili wake hauna kinga ya kutosha, inaweza kuongeza taa ya mionzi juu ya mojawapo ya njia hizo. Kaya inayopanga ikubaliane kwanza na mwenye nyumba, kwa maandishi, nani atanunua dawa na nani atatengeneza pampu ikiharibika.

Ikiwa hakuna mtu wa kupima, uamuzi wa busara ni kuahirisha bwawa. Mtambo wa bei kubwa usiotazamwa ni hatari kuliko dawa rahisi inayopimwa kila siku.

7. Dawa kali ndani ya nyumba

Dukani, vitu tofauti huitwa kwa jina moja tu: klorini. Chembechembe za kalsiamu hipokloraiti na vidonge vya traikloro vikichanganyika huweza kulipuka au kuwaka moto. Visitiwe katika chombo kimoja, wala kijiko cha kimoja kisitumike kwa kingine. Klorini ya aina yoyote ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu. Ziwekwe mbalimbali, mahali pakavu penye hewa na kufuli, mbali na mafuta na petroli.

Dawa itiwe katika maji. Maji yasimiminwe kamwe juu ya dawa. Itiwe moja kwa wakati mmoja, pampu ikiwa inafanya kazi, huku mtiaji amevaa glavu na miwani ya kukinga macho. Dawa isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kwa kuwa maandishi ya makopo hayako katika Kiswahili, inafaa kubandika karatasi yenye jina la dawa, kipimo chake na kile isichopaswa kuchanganywa nacho, ili hata bibi anayewatunza wajukuu na mtunza bustani waelewe.

Mtu akivuta gesi, atolewe nje penye hewa safi mara moja. Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi ya bomba kwa dakika 15 hadi 20. Akiimeza, asitapishwe. Gari la wagonjwa huitwa kwa 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ushauri kuhusu sumu hupatikana saa zote kwa 0861 555 777.

Umeme wa pampu na mtambo uunganishwe na fundi aliyesajiliwa, naye atoe cheti cha usalama. Kanuni za ujenzi za nchi hudai uzio usiopungua mita 1.2 kwenda juu na lango linalojifunga lenyewe. Maji yaliyotakaswa vizuri humzamisha mtoto sawasawa na machafu, kwa hiyo mtu mzima asiache kuwatazama watoto walio majini.

8. Akiugua mtu

Mwenye kuhara asiingie bwawani. Ikithibitishwa kwamba ni Cryptosporidium, asubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma. Kinyesi cha kuhara kikiingia majini, wote watoke, bwawa lifungwe, na fundi wa mabwawa aombwe ushauri, maana kipimo cha kawaida cha klorini hakitoshi. Mtoto akiharisha kwa zaidi ya siku moja, akionyesha dalili za kukaukiwa na maji, au akitoa damu, apelekwe kliniki na mhudumu aelezwe kwamba aliogelea.

9. Maswali ya kujadiliana nyumbani

Bwawa letu lina lita ngapi? Nani atapima klorini na pH, siku zipi, na nani atashika zamu akisafiri? Umeme ukikatika siku tatu, tutatia nini na kipimo gani? Dawa zitakaa wapi, na ufunguo atakuwa nao nani? Njia tunayoitaka inaacha akiba gani ndani ya maji?

Kaya iliyoyajibu maswali haya imeshachagua zaidi ya nusu ya mtambo wake. Kinachobaki ni kununua kisanduku cha kupimia kabla ya kununua kitu kingine chochote, na kuandika vipimo vya kila siku katika daftari linaloning'inia karibu na mlango wa uani.